Maandishi ya Penseli

Majira ya baridi ya 1986, katika treni ya Stockholm kwenda Tensta, ambamo mtu humaliza mwaka bila kumsemesha jirani, Mtanzania mmoja alichungulia kitabu cha dada aliyekaa mbele yake, akaona Kiswahili kimeandikwa pembeni kwa penseli. Kiswahili, ndani ya kitabu cha maktaba ya Waswidi! Nusura asimame.

Leokadia, aliyekaa ng'ambo yao, aliinamia mkoba wake. Maandishi yale yalikuwa yake.

"Samahani dada, nani kaandika 'Usiingie, mwanangu'?"

"Hata mimi nashangaa, kaka," alijibu yule dada kwa lafudhi ya Kampala. "Huyu binti wa kitabuni, wa miaka kumi na sita, amerudi Kusini, kule Marekani, kwenye nyumba ya babu yake. Babu aliua mtu chumbani, akakifunga chumba. Kila jioni mtu analia ndani. Binti ameshika kitasa, halafu huyu wa penseli anamzuia."

"Anamzuia vizuri. Ya wazee tuwaachie wazee."

"Wazee wamekufa. Kilio kimebaki kwa nani?"

Wakabishana mpaka kituo cha Rinkeby, wameinamia ukurasa mmoja kama ndugu. Leokadia aliukumbatia mkoba wake. Chumba cha marehemu baba yake kule Bukoba kilikuwa na miaka tisa hakijafunguliwa, na ufunguo ulikuwa humo humo mkobani.

Treni ilipokaribia Tensta, yule dada alitoa kalamu, akaandika chini ya ile penseli, akamsomea mwenzake: "Na wewe uliyeandika, uliwahi kuingia?"

Milango ikafunguka. Wakashuka, bado wanabishana. Leokadia, mkazi wa Tensta mwaka wa sita huo, hakushuka; mkono wake ulikuwa mkobani, umeshika ule ufunguo.