Rupia Kumi na Mbili za Kuonyesha

Kijiwe cha Shamte kilikuwa gogo moja tu, nguzo ya nyumba iliyoungua mwaka wa vita vya Maji Maji, nusu mti nusu mkaa, limelazwa kando ya njia itokayo Masasi kupanda Newala. Ukikaa vibaya unaondoka na makalio meusi, na wenyewe hawakujali. Kahawa yake, Mungu amsamehe, ilikuwa mtama wa kukaanga uliotiwa buni kidogo kwa ajili ya heshima, maana njaa ya mwaka ule haikumwachia mtu kahawa. Asubuhi hiyo Fikirini alitangulia kuliko wote. Mwanawe Siti alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Mkewe alimkimbiza huko wakati wa vita, akafia njiani, na bibi mmoja asiye ndugu yao akamchukua mtoto. Juzi mpagazi kaleta habari: bibi anahamia kisiwa cha Ibo mwezi ukiandama, na mtoto atakwenda naye. Zilibaki siku tisa. Na kuvuka mto bila cheti cha akida ni kujitakia mnyororo wa shingo.

— Akida kasemaje? aliuliza Muharami. Huyu walimwita Bwana Safari, kwa kuwa aliwahi kubeba mzigo hadi Nyasa na mpaka leo hajautua mdomoni.

— Kasema nimwonyeshe rupia kumi na mbili. Si kumpa, kumwonyesha tu, ajue njiani nitakula changu, sitaiba mihogo ya watu.

— Unazo ngapi?

— Nne.

— Basi toa hizo hizo. Mficha uchi hazai!

— Methali hiyo ni ya ugonjwa, bwana wee, alisema Dastani, waliyemwita Kitabu kwa kuwa alisoma misheni.

— Kwani kukosa rupia si ugonjwa?

Shamte aliingia kibandani mwake nyuma ya gogo, akakawia, akatoka na kitambaa chenye matope. Ndani mlikuwa na rupia nane, nyeusi kama chini ya sufuria.

— Za kuonyesha, Baba Siti, si za kula. Nilizizika tulipokimbilia mlimani.

Fikirini alizipokea kwa mikono miwili. Kumi na mbili zilitimia, na kwa muda wa funda moja la kahawa alimwona mwanawe mgongoni mwake. Ndipo Kitabu akaichukua moja, akaipeleka puani.

— Lo! Zinanuka udongo hizi. Karani wa akida hunusa, nakwambia. Rupia iliyozikwa ni ya mtu aliyekimbia. Na aliyekimbia, alikimbia nini?

— Ala! Si tulikimbia sote? alisema Bwana Safari.

— Ndiyo. Ndilo lisilosemwa kwa akida.

Wote wakatazama njiani, huku na huku. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo Shamte alishusha sauti.

— Tuzioshe kwa ukwaju na majivu.

Wakaziosha. Walisugua mpaka Kaisari kwenye rupia, na lile lidege lake juu ya kofia, akang'aa utadhani kazaliwa jana. Badala ya kufurahi, Bwana Safari akajikuna kidevu.

— Aka, hapana. Zimezidi. Rupia safi hivi hutoka wapi? Hutoka ndani ya sanduku. Watamuuliza alivunja sanduku la nani, na mwaka wa vita yalivunjwa mengi.

— Sikuvunja sanduku la mtu! Fikirini alipaza sauti, kisha akajishika mdomo.

— Sisi tunajua. Zitie kwapani, Baba Siti, utembee nazo jua kali. Rupia ya halali hunuka kwapa.

Shamte alicheka peke yake. Fikirini alizitia kwapani kweli, mbele ya watu wazima, maana mwoga haoni haya.

— Haitasaidia kitu, alisema Kitabu. Kuna mtu wa Mikindani alionyesha ishirini. Wakamwambia, mwenye ishirini mbona hukulipa kodi ya nyumba miaka miwili? Wakazichukua zote na wakamfunga. Mwenzake akaonyesha sita. Wakamwambia, mwenye sita ni mzururaji, nenda kalime barabara.

— Na kumi na mbili kamili? Fikirini aliuliza.

— Kumi na mbili kamili ndiyo mbaya kupita zote. Katika nchi hii yenye njaa nani ana kumi na mbili kamili, isizidi isipungue? Watajua umekopa. Na Kaisari yule pale juu ya rupia ana jicho, huwaambia imelala nyumba ya nani.

— Basi Shamte naye kakamatwa, alisema Bwana Safari. Haba na haba hujaza kibaba!

Shamte hakucheka tena. Alilitazama kwapa la Fikirini lililobana zile rupia, na Fikirini akaona wazi kwamba mwenzake anatamani kuzidai na anaona aibu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mwenye kapu la makopa ya muhogo kichwani, akaomba kupumzika.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Watoka wapi?

— Chilangala. Naitwa Yuliana. Nasikia mnavusha mtu.

Wakamweleza, wote kwa pamoja, kila mmoja na rupia zake: za udongo, za ukwaju, za kwapani. Mama yule alisikiliza mpaka wakachoka.

— Mtoto alipoondoka alikuwa na umri gani?

— Alikuwa hajaacha ziwa, alijibu Fikirini. Sasa mwaka wake wa nne huu.

— Basi hizo ni za kwenda. Na kurudi je? Mwanamume peke yake anafika mtoni na kitoto kinamlilia bibi mwingine, kinamkimbia. Pale askari hawatamuuliza yeye. Watamuuliza mtoto, huyu ni nani wako? Atajibu nini?

Wezi wa watoto: jina hilo kila mtu pale gogoni alilijua, na kamba ya kuwanyongea pia.

— Nitamwita, alisema Fikirini. Nitamwita jina lake, atageuka. Anaitwa Siti.

— Hata kwa bibi huyo, mpaka leo? aliuliza Yuliana, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

Fikirini akawatazama wenzake mmoja mmoja, akingoja yeyote amwambie ndiyo, hata kwa uongo.