Kidole Changu Kilikopa Nikiwa Jikoni

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana kule nyuma hamjaitika, na leo nataka hata wa kule nyuma wanisikie. Mimi ni Mama Kulwa, mnanijua kwa vitumbua vya hapa sokoni Katoro. Leo sikuja na vitumbua. Nimekuja na aibu yangu, na shukrani zangu kwa Mungu.

Ndugu zangu, kabla ya vitumbua nilikuwa mamantilie kule machimboni Rwamgasa. Nilipikia wachimbaji wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, wali na maharage, miaka minne. Waliniita Mayu, yaani mama, nami nikavimba kichwa. Wengi wao hawakuwa na vitambulisho vya taifa. Huyu kakipoteza shimoni, yule hajawahi kukifuatilia, na bila kitambulisho laini ya simu haisajiliwi. Basi akija mtu wa kusajili laini na mwavuli wake, wananiita: "Mayu, tusaidie kidole!" Nafuta mkono kwenye kanga, naweka kidole gumba kwenye kile kimashine, narudi kwenye sufuria zangu. Kule lilikuwa jambo la kawaida, na mpishi ndiye aliyeombwa zaidi kwa kuwa hahamihami. Mngeniambia kwamba nimewagawia jina langu, ningewacheka.

Dhahabu ikakata. Wachimbaji wakakimbilia maduara mapya, nami nikarudi Katoro kwa mume wangu. Baba Kulwa ni mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Tulikuwa na ndoto moja, mashine ya kukoboa mpunga. Akauza ng'ombe wawili kwa ajili ya mchango wetu, na kiasi kilichobaki tukakubaliana nikikope mimi benki.

Wakanikatalia! Dada wa mikopo alinieleza kwa upole kwamba mikopo yote, hata ile midogo ya kwenye simu, inaandikwa mahali pamoja, na benki husoma hapo kabla ya kumpa mtu fedha. Ukilipa kwa wakati alama zako zinapanda, ukichelewa zinashuka, ukitoroka zinaanguka kabisa. Zangu zilikuwa chini. Nilikuwa na mikopo mitano ya simu ambayo haijalipwa. Mimi, ambaye sijawahi kukopa hata chumvi!

Sikuuliza mikopo hiyo ilitoka kwenye laini ipi. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoharibu. Nilitoka pale nimeshamhukumu mtu. Nani mwingine anashika simu yangu? Nani anaijua namba yangu ya siri? Baba Kulwa! Nikaita kikao cha ukoo wake. Mbele ya mama yake mzazi nikasema amekopa kwa jina langu akamhonge mwanamke. Nikamtaka atoe simu yake isomwe mbele ya wote. Akaitoa, akaiweka juu ya mkeka. Shemeji akasoma ujumbe mmoja mmoja, hakuna kitu. Nikasema amefuta! Yeye alisema neno moja tu, "Sijakopa." Asubuhi akaniachia fedha yote ya ng'ombe, akachukua blanketi, akaenda kwa kaka yake Kagongwa.

Nikafunga siku tatu nikimwomba Mungu amwumbue mwizi wangu. Na Mungu wetu anajibu, jamani! Siku ya nne nikarudi benki nimejaa hasira, nikitaka karatasi ya kumwonyesha mama mkwe. Yule dada akaomba simu yangu, akabonyeza ile namba fupi inayoonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikatoka laini saba. Yangu ni moja. Akazilinganisha na karatasi ya mikopo. Namba ya tatu niliijua kwa macho, ilikuwa ya Maduhu, mchimbaji aliyependa ukoko. Mimi mwenyewe nilikuwa nampigia chakula kikiiva. Nikakitazama kidole changu gumba, nikalia mbele ya wateja. Waliokopa ni wale, lakini mlango niliwafungulia mimi.

Mungu akanitoa, ila si kwa siku moja. Laini zile sita nilizifunga. Maduhu nilimpata, akalipa lake na kuomba radhi. Wengine sikuwaona, nikawalipia kwa vitumbua, kidogo kidogo. Fedha ya ng'ombe sikuigusa. Kila deni lililoisha nilidai barua, kisha nikafuatilia mpaka taarifa zangu zikaonyesha limelipwa, maana dada alinionya kwamba zisiporekebishwa nitaendelea kusomeka mdaiwa. Baadaye nikakopa kidogo, fedha ya unga na mafuta, nikarejesha kabla ya siku. Nikakopa tena, nikarejesha. Mwezi uliopita benki wamenikubalia. Haleluya! Lakini fomu iko hapa kwenye pochi, sijaijaza. Mashine ilikuwa ya watu wawili.

Kila Jumamosi napanda gari kwenda Kagongwa. Mara ya kwanza nilikwenda na mama mkwe, nikapiga magoti mbele ya Baba Kulwa na mbele ya ndugu wote walewale, nikampa karatasi za benki. Akazisoma zote, akanirudishia. Akasema, "Nilingoja uniulize." Basi. Tangu hapo nikifika hunipa kigoda nje, tunakaa. Ndani sijakaribishwa, na sina wa kumlaumu.

Ndugu zangu, leo hii kaangalieni laini zilizo kwenye majina yenu. Ombeni taarifa zenu za mikopo, mzisome kabla hamjazihitaji. Kidole chako usimwazime mtu, hata akikuita mama. Na ukikuta jambo usilolielewa, uliza! Wachimbaji niliwapa kidole changu bila kuuliza, na mume wangu nikamnyima swali moja. Mtumainini Bwana, yeye huijua kweli hata pale tunapoikimbia.

Namshukuru kwa benki. Namshukuru kwa Maduhu. Zaidi namshukuru kwa Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimeshaaga, nimefika barabarani, Baba Kulwa akaniita kutoka mlangoni. Akaniuliza kama nimekula.

Niombeeni.