Mzee Murhula, Daktari wa Masikio

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi, Mzee Murhula anatuaga leo tarehe 30 Juni 1976. Wateja wa Duka la Redio la Bwana Suud, hapa Bujumbura, kutoka mtaa wa Jabe mpaka Kibenga, wote wanamjua. Wengine hata jina lake hawalijui, wanamwita tu Daktari wa Masikio. Maneno haya ya kusomwa kwenye karamu hii ya kumuaga nimeombwa kuyaandika mi, mlinzi wa depo, ghala la duka, kwa sababu kazini hakuna mutu mwenye kalamu nzuri kama yangu, na tena mengi nitakayosema niliyaona kwa macho.

Alianza kwa kufagia. Kisha akauza betri, kisha redio, mwisho akakabidhiwa kabati la kaske, zile za kuvaa kichwani ili usikilize redio ao muziki bila kusumbua jirani. Hapo kipaji chake kikajulikana. Kwingine mutu alichagua kaske kwa kutazama inavyong'aa. Kwa Murhula, apana! Alikukalisha kwenye kiti, akakuvalisha kaske, akakuletea chai ya moto, kisha akakutazama. Ukigusa sikio kabla kikombe hakijaisha, kaske hiyo si yako, hata ulie. Alikuwa anasema kwamba dukani kaske zote ni tamu, uchungu unaanza ukifika nyumbani.

Mzigo mupya ukifika, ulijaribiwa kwanza kwenye kichwa changu, maana Bujumbura nzima haina kichwa kikubwa kama hiki. Kaske isiyonibana mi ingemtosha hata kiboko wa mto Rusizi. Kulikuwa na moja ya chuma, nzito ajabu. Mteja mmoja wa Jabe alimshinda Murhula kwa ubishi, akaibeba. Alitembea wiki nzima shingo imelala upande, mpaka mke wake akazani anachungulia kwa jirani. Asiyesadiki aende Jabe aulize.

Lakini kuna siku moja ya mwaka 1968 ambayo nisipoiandika nitakuwa nimewaibia.

Marcellin, mutu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyekaa Kibenga, alikuwa na ruhusa ya kuongea na wenzake wa mbali kwa redio yake mwenyewe, ile ya antene ndefu juu ya nyumba. Vita ilipopita Bukavu, mama yake alipotea. Rafiki yake Adolphe, naye mwenye redio kama ile, alikuwa anamtafuta huko, na kila siku aliita kati ya alasiri na magaribi. Sauti yake ilikuja nyembamba kama ya mbu. Marcellin alilazimika kungoja na kaske kichwani muda wote. Jioni moja maumivu yalimshinda, akaivua apumzishe masikio. Alipoirudisha, akakuta Adolphe anaaga, habari ya siku hiyo imempita.

Akaja dukani akakunywa chai mpaka birika likaisha. Kila kaske ilimshinda. Ikabaki moja tu, nyepesi kama kofia ya kitambaa, na hiyo haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya Bwana Suud mwenyewe, aliletewa kutoka Ulaya asikilizie nyimbo za Kiarabu akishiba. Murhula akachemsha chai ingine, akamvalisha. Kikombe kikaisha, mkono haukwenda sikioni.

"Nenda nayo," Murhula akamwambia.

Bwana Suud akarudi kutoka kula.

"Murhula, kaske yangu iko wapi?"

"Iko kichwani, patron."

"Kichwani kwa nani?"

"Kwa Marcellin. Hizi zetu zote zinamuumiza."

"Wallahi, duka sasa ni lako! Irudi kabla ya magaribi, ao kesho ubaki kwako ulee watoto."

Na watoto walikuwa sita, hakuna hata mmoja aliyefika kimo cha meza.

Nikampakia Murhula kwenye baiskeli yangu. Tuliipita motokari ya mkubwa mmoja, dereva akanivulia kofia. Murhula hakucheka. Tulipofika Kibenga, Marcellin alikuwa mbele ya redio, ameinua kidole tunyamaze. Murhula, mutu anayekaribia kufukuzwa, akasimama mlangoni akishikilia hata pumzi.

"Muvue basi, jua linazama!" nikamnong'oneza.

"Ngoja kwanza. Iko anaongea."

Mara Peugeot ya Bwana Suud ikafunga breki nje. Alishindwa kungoja.

"Nyie wezi wa mchana!" akaingia na maneno hayo.

Marcellin hakusimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Akatoa upande mmoja wa kaske sikioni kwake, akauweka sikioni kwa Bwana Suud, vichwa viwili vikagusana kama vya mbuzi wa zizi moja. Sisi hatukusikia kitu. Tuliona tu uso wa patron unalegea. Baadaye yeye mwenyewe alitusimulia: ni sauti ya mama mzee kwenye redio ya Adolphe, inauliza, "Marcellin, unakulaka? Nani anakupikia?"

Bwana Suud akajitoa polepole.

"Mujibu mama yako. Usimuache anangoja."

Nje, mkono kwenye mlango wa motokari, akaita:

"Murhula."

"Patron."

"Kesho usichelewe. Tutaagiza nyepesi zingine."

"Na hii yako?"

"We huoni iko na kazi?"

Zile nyepesi zilifika, na kabati la Murhula halikuwahi tena kupata vumbi. Leo waimbaji wa kwaya, vijana wa muziki na mabwana wa antene wanapita maduka yote wakija kwake. Nasi wafanyakazi alitufundisha kumtazama mutu kabla ya kutazama bidhaa.

Sasa anahamia Carama na mke wake Pascaline, akalime na asikilize muziki bila mutu kumkatiza. Mzee wetu, asante kwa masikio ya mji mzima. Mungu akupe uzee wa raha, na wote unaowapenda sauti zao zikufikie.

Wageni mnaouliza yule bibi wa kiti cha mbele ni nani: ni mama ya Marcellin. Alivuka mpaka na lori mwaka uliofuata. Leo amekataa kukaa mahali pengine isipokuwa kando ya Murhula, na Bwana Suud mwenyewe ndiye amemsogezea kiti.