Nyaya Nne kwa Spika Moja

Ukitaka kujua mambo ya Lusail, huu mji mpya wa Waarabu, ambayo Lusail yenyewe haijayajua, usisumbue watu wa ofisi. Zunguka nyuma ya bakala, kile kiduka cha yule Mhindi Mmalabari aliye karibu na mfereji wa boti, pale mashine za kupoza hewa zinapotema joto lao ukutani, utaona benchi lililogongwagongwa kwa mbao za kubebea vigae. Hapo ndipo kila alasiri dunia huharibiwa na kutengenezwa upya kwa kahawa ya Faridah. Faridah ni Mganda wa Jinja, anatandika vitanda hotelini, na wanamwita Hajati ingawa Makka hajaiona. Flaski yake ya tangawizi ndiyo serikali ya pale. Kushoto kwake hukaa Onyango, jina la kijiwe Kamera, kwa kuwa kazi yake ni kukodolea macho skrini za ulinzi za jengo moja la maduka, na siku hizi hata akila chapati huangalia dari kwanza. Kulia ni Cornelius, dereva wa teksi, anayeitwa Tiketi: amewatabiria watu kurudishwa kwao mpaka wengine humlaumu yeye badala ya mwajiri. Na mwishoni mwa benchi, siku ile, alikuwa Gerishon, Fundi, mlinzi wa boti ya mzee Abu Rashid. Mkono mmoja mfukoni, kahawa haijaguswa. Alikuwa na woga, na pale benchini woga hauna pa kujificha.

— Fundi, kahawa inapoa, — Faridah alisema. — Ama umefiwa?

— Sijafiwa, Hajati. Ni huu muziki wa mzee.

— Si ulisema umeumaliza?

Alikuwa ameumaliza, tena kwa majivuno. Boti yenyewe mzee aliileta kutoka Uingereza alikosomea ujanani: ndefu, nyembamba, ndani ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Umeme wa nchi kavu haukuunganishwa. Mzee alikataa katakata, akisema boti iliyofungwa waya ukutani ni nyumba iliyolowa tu. Basi kulikuwa na sola juu ya paa na betri mbili, khalas. Mzee akataka muziki humo, muziki wa kula moto kidogo, yaani umeme kidogo, uimbe tangu alasiri mpaka alfajiri na betri isilalamike.

Kwa Gerishon huo ulikuwa mtihani wa kinyume. Nakuru alikuwa akifunga muziki wa matatu, kazi ambayo sifa yake ni vioo vya jirani kutetemeka. Hapa akatupa mazoea yake yote. Alitafuta amplifaya ndogo kama biskuti, isiyopata joto hata ukiishika. Akachagua spika kuukuu zenye mdomo mpana, maana spika pana huhitaji kusukumwa kidogo tu ndipo iseme. Betri akazishusha chini ya sakafu, karibu na maji, zisichemke. Alipowasha, udi, ile ala ya nyuzi ya Waarabu, ulilia humo ndani kwa sauti safi, na mzee akajilaza akafumba macho. Gerishon aliona fahari kuliko siku zote za Nakuru.

— Muziki hauna shida, — alisema sasa. — Shida ni spika ya pili. Ameniletea mwenyewe kwenye mfuko mweusi. Akanifungisha chumbani kwangu, kule nyuma. Karibu na mto wangu.

Onyango akaweka kikombe chini polepole.

— Mtoni mwako?

— Karibu na mto. Wa kulalia, Kamera. Nyingine kama hiyo iko kando ya kitanda chake.

— Na spika hukula nyaya ngapi?

— Mbili.

— Hiyo yako ina ngapi?

Gerishon akapapasa mfukoni.

— Nne.

— Yesu na Maria! — Onyango akaruka, akatazama juu ya bakala kama aliyetarajia kuona jicho la mtu huko. — Nyaya nne kwa spika moja! Mbili za kuleta, mbili za kupeleka. Buda, hiyo si spika, hiyo ni sikio. Unalala, unaota, unaongea usingizini, mtu anaandika.

— Aandike nini? Mimi huongea na mke wangu tu, habari za mabati.

— Hata mabati! Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu akisikia la kwako, si utavunjika miguu yote?

— Banange, — Faridah akasonya, — methali umeivua nguo. Ngoja, Fundi. Mzee alisema ni ya nini?

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Gerishon alisitasita. Alijua akilitoa neno lile benchini, halitarudi likiwa zima.

— Alisema, wanawe wakiuliza, niseme ni muziki.

Mashine za baridi zikanguruma. Cornelius, aliyekuwa hajatia neno, akajifuta midomo na kujiweka sawa kama hakimu.

— Nilikuwa nakungoja ufike hapo. Niambie, siku hizi mzee amekuwa mpole?

— Amekuwa mpole, ndiyo. Ananiuliza habari za nyumbani. Juzi kanipa tende.

— Tende! — Cornelius akapiga goti. — Mwaka jana yule kijana wa Al Wukair alipewa saa ya mkono. Alirudishwa nayo mpaka Entebbe. Bosi akikufokea, jua una kazi. Bosi akianza kuuliza mama hajambo, funga begi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vimeundwa dhidi yako. Kibali chako kinaisha lini?

— Mwezi ujao.

— Na ameshakigusa?

— Sijamwona akikigusa.

Cornelius alitazama kikombe chake kwa huruma nyingi sana, na huruma ile ilimchoma Gerishon kuliko tusi. Nyumbani Molo nyumba ilikuwa imeezekwa upande mmoja. Ule mwingine ulikuwa turubai, na mvua zilikuwa zimeanza. Kila usiku mke wake alimwambia, baba watoto, wewe shikilia tu hapo. Sasa angeshikilia nini?

— Lakini akitaka kunifukuza, — aliuliza, — sikio la nini?

— Hapo Tiketi ameishia njiani, — Onyango alidakia, macho yakimng'aa. — Alikufanyia majaribio ya hicho kitu?

— Alifanya. Alijilaza kitandani kwake, mimi nikakaa kwangu. Akaniambia nikisikia mlio niseme, "Nakusikia, Baba. Niko hapa."

— Ulisema mara moja?

— Alinirudisharudisha. Mara nasema haraka, mara sauti ndogo. Mwisho nikasema vizuri, nikamsikia huko kwake anacheka, anasema, tayyib, tayyib.

Onyango alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Wamekuchukua sauti! Manze, Fundi, wamekuvuna! Siku hizi mashine ikipata maneno yako matatu inatengeneza mengine yote. Wewe utakuwa Molo unapalilia viazi, huku mwizi akikanyaga boti, spika inanguruma, "Niko hapa!" Kwa sauti yako! Haili, hailali, haiombi likizo. Na kwa sababu ni ya kula moto kidogo, italinda milele. Umejifungia mrithi wako kwa mikono yako, na ukakaza skrubu.

— Subhanallah, — Faridah alisema, na kwa mara ya kwanza alasiri ile hakucheka.

— Tena itampigia mke wako simu, — Cornelius aliongezea, maana hakupenda kushindwa kwa uongo. — Itamwambia, "Niko hapa", naye atatulia. Utafika nyumbani ukute mwenzako ameshafika kwa simu.

— Nyinyi mna wazimu, — Faridah alisema. — Mimi nasema kuna mwanamke. Mzee ana mke wa siri, anaogopa wanawe. Hiyo spika ni ya kukuamrisha uangalie kando akipita.

— Mwanamke na nyaya nne? — Onyango aliuliza.

— Ssebo, mapenzi yana nyaya nyingi kuliko hizo.

Walicheka. Gerishon hakucheka. Upande mmoja wa akili yake, ule wa fundi, ulijua kwamba mashine ya kuvuna sauti haiji na betri za tochi, kama zile zilizokuja kwenye mfuko mweusi. Lakini upande ule ulikuwa umechoka, na ule mwingine ulikuwa unasikia mvua kwenye turubai. Akautoa mkono mfukoni, akaweka kitu juu ya benchi.

Kilikuwa kisanduku cheupe, kidogo kuliko kiganja, chenye kitufe kimoja, vitundu vya spika, na kitundu kingine peke yake pembeni. Nyaya nne zilining'inia nyuma, zimekatwa.

— Nimeing'oa, — alisema. — Leo, baada ya mzee kulala. Kama ni sikio, lisikilize benchi.

Onyango alijisogeza mbali, kisha udadisi ukamrudisha. Aliinama, akakiambia kitundu kwa Kiingereza cha kazini kwamba yeye ni raia mwema. Cornelius akampa Gerishon mkono.

— Sasa ndiyo umekuwa mwanaume. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umekivua.

Gerishon aliupokea mkono ule, akajisikia mwepesi. Kahawa yake ilikuwa ya baridi lakini akainywa yote.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipojitokeza pembeni ya bakala, mkoba begani, mtandio mwepesi kichwani kwa ajili ya jua. Hawakuwa wamemwona pale kabla. Alisalimia kwa Kiswahili cha Kisii, na wote wakajipanga vizuri, maana mgeni wa kwenu ugenini ni kama barua.

— Samahani, wapendwa. Naitwa Damaris, ni nesi. Naitafuta boti ya mzee Abu Rashid. Nimeambiwa iko mfereji wa huku.

— Karibu, nyabo, — Faridah alisema, akaitikisa flaski. — Kahawa imebaki ya kuonja tu. Mlinzi wa boti ndiye huyu.

— Wewe ndiye Gerishon? — Uso wa Damaris ulifunguka. — Aki mzee anakusifu! Nilimkataza kulala majini peke yake na ule moyo wake. Akaniambia, sina shaka, nina kijana wangu, nitamwita naye atajibu. Wanawe wakijua amezidiwa watamfungia nyumbani na boti wataiuza, kwa hivyo anawaambia ni muziki. Hakukwambia?

Gerishon alikitazama kisanduku. Hakumwambia, ndiyo. Mzee yule, aliyewahi kuamuru magari na watu, angemwambia mlinzi wake vipi kwamba anaogopa kulala?

Damaris alikuwa ameshakiona kisanduku benchini. Alikiokota, akazigeuza zile nyaya nne, bado anatabasamu kwa mazoea.

— Mzee yuko wapi sasa hivi?

— Amelala, — Gerishon alisema. — Botini.

— Peke yake?

Tabasamu lilimtoka. Aliwatazama mmoja mmoja, Onyango, Cornelius, Faridah na flaski yake, kama watu wazima ambao bila shaka wana maelezo.

— Na akibonyeza ya kwake, itaita wapi?

Onyango alitazama viatu vyake. Cornelius alikuwa ameshika funguo za teksi, na teksi haifiki mferejini.

Gerishon alimpokonya Damaris kisanduku akakimbia. Alikimbia na ndara moja, nyingine ikabaki mlangoni pa bakala, na lami ya saa kumi ilimuunguza asisikie. Wale wa benchini wanasema alianza kupiga kelele akiwa bado barabarani, mbali, ambako hata mwenye masikio ya paka asingemsikia: "Niko hapa, Baba! Nakusikia! Niko hapa!"

Botini udi ulikuwa bado unalia, taratibu, betri hazijachoka. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanzu imelowa jasho kifuani, uso umepoteza rangi. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza. Gerishon alipiga magoti mbele yake, nyuma yake akasikia hatua za Damaris zikigonga ubao wa kupandia.

Mzee alimtazama uso, kisha mkono, kisha zile nyaya zilizokatwa. Aliruhusu mkono wake mwingine ushikwe na nesi.

— Nimekuita, — alisema kwa shida. — Ulikuwa wapi?

Gerishon alianza kusema kuhusu nyaya nne. Akaacha, akasema tu, "Nakusikia, Baba. Niko hapa."