Mzee Kimaiyo na Farasi Aliyeijua Sauti Yake

Ting'. Ni mkono wa ndoo ukigonga ndoo, jikoni, kabla jogoo hajawika. Kisha kimya. Kisha mlango wa nyuma unafunguliwa polepole, na mtu anatoka akinyata.

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo siku ilivyoanza kwa miaka mingi katika nyumba moja kule Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha. Mwenye ndoo alikuwa Mzee Kimaiyo, akienda zizini. Alifunga kitambaa kwenye mkono wa ndoo ili asimwamshe mkewe. Kitambaa kiliteleza kila siku. Na mkewe, Wanjugu, alijifanya amelala kila siku, ili mzee asijue amemwamsha.

"Angejua, angeanza kulaza ndoo nje," Wanjugu aliniambia. "Na mimi nilipenda kumsikia akitoka."

Mzee Kimaiyo ametuacha. Alizikwa mwezi wa sita, baridi ikiwa kali. Leo tunamkumbuka.

Kazi yake ilikuwa kufundisha farasi. Si farasi wa mbio, wasikilizaji wapendwa. Aliwafundisha kuvuta gari, lile gari la magurudumu makubwa ambalo maharusi hupanda wakitoka kanisani. Pengine uliwahi kuliona likipita, ukapunga mkono. Mtu aliyekaa kiti cha mbele, kofia mkononi, akikuitikia kwa kichwa, alikuwa yeye.

Alizaliwa Olenguruone, juu huko kwenye baridi, akachunga ng'ombe wa baba yake. Akiwa kijana alishuka Ndabibi kutafuta kazi, akaipata kwenye shamba la farasi. Farasi wa kwanza alimuuma bega. Wa pili alimkanyaga mguu. Wa tatu, alisema mwenyewe, ndiye aliyemfundisha kunyamaza kwanza na kuangalia.

Kuanzia hapo hakushika kiboko tena. Alitumia maneno matatu tu. Twende. Taratibu. Simama. Na aliyafundisha kutoka mwisho. Simama ndilo lilikuwa la kwanza.

"Farasi akijua kuvuta kabla hajajua kusimama," alikuwa akisema, "huyo si farasi wa gari. Huyo ni ajali inayongoja watu wapande."

Farasi akishajua kusimama, Kimaiyo alimfunga gurudumu kuukuu la gari alivute nyikani, mchana kutwa, mpaka alichoke na kulisahau. Kisha zikaja kelele. Aliwaomba akina mama wa kanisa waje na sufuria zao, wazigonge na kupiga vigelegele. Siku ya kwanza waliambiwa wasimame mbali, kwenye ua. Farasi akishtuka, walirudi nyuma. Akitulia, walisogea kidogo.

"Kimaiyo," mama mmoja akamwambia, "hata sisi hatujawahi kubembelezwa hivi na waume zetu."

"Waleteni hao waume," akajibu. "Nianze nao kesho."

Basi, siku moja kijana anayeitwa Jeff, mwenye kazi ya magari ya harusi kule Gilgil, alimletea farasi jike mwenye rangi ya biskuti iliyochovywa kwenye chai. Wakamwita Biskuti. Alikotoka Biskuti alipigwa sana. Alitetemeka akiona fimbo. Alitetemeka akiona hata mpini wa ufagio.

Mzee Kimaiyo hakumgusa. Alichukua kigoda, akaingia zizini na ungo wa maharagwe, akakaa akichambua. Kesho yake akaja tena na maharagwe. Wanjugu alilalamika kwamba wanakula maharagwe kila siku kwa sababu ya farasi. Lakini aliyapika. Na asubuhi moja Biskuti alikuja mwenyewe, akatia pua ndani ya ungo.

Biskuti akawa farasi bora kuliko wote aliowahi kufundisha. Lakini alikuwa na jambo moja. Alimsikia Kimaiyo peke yake. Mtu mwingine akisema simama, aligeuza masikio kumtafuta Kimaiyo yuko wapi.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka jana sauti ya mzee ilianza kukwaruza. Alisema ni vumbi. Ndabibi kuna vumbi, sote twajua. Alikunywa tangawizi. Alikunywa asali na ndimu. Sisi watu tulisema ni mafua. Aliyeona mabadiliko mapema alikuwa Biskuti. Mzee alisema simama, naye akaendelea hatua kadhaa huku masikio yakicheza, kama mtu anayeitwa na mgeni.

Kisha ikaja harusi kule Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mnajua heshima ya kwetu. Bi harusi akifika, akina mama hutandika leso chini ili asikanyage mavumbi. Basi akina mama walipoona anakuja kwa gari la farasi, wakamheshimu zaidi. Walitandika leso barabarani, mbele ya kwato za Biskuti.

Mzee alikuwa amemfundisha kutoogopa pikipiki. Alimfundisha ngoma, honi na vigelegele. Leso chini, hapana. Biskuti aliona barabara imegeuka rangi na kupepea. Akainuka kwa miguu ya nyuma. Kimaiyo akasema, "Simama."

Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi.

Gari liliingia mtaroni. Bi harusi alichubuka mkono, na tunamshukuru Mungu haikuwa zaidi. Yeye mwenyewe, msichana wa watu, aliinuka akauliza, "Farasi ameumia?" Mzee hakusahau swali hilo mpaka kufa kwake.

Hospitalini mjini Nakuru daktari alimwambia ni saratani ya koo. Imeenea. Sauti itaisha, kisha na yeye.

Jeff alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti bila kunywa chai.

"Mzee, mimi sitaki kumtoa Biskuti," alisema. "Lakini huyu anaskia wewe tu. Nikipandisha watu nyuma na mbele kuna mtu hamskii, nitalala aje? Itabidi arudi kule alitoka."

Kule alikotoka ni kule kwenye viboko. Kimaiyo alijua hivyo. Jeff pia alijua, na ndiyo sababu hakuweza kunywa chai.

"Nipe muda," mzee akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Bado ninayo kidogo."

Basi hilo ndilo lililobaki, wasikilizaji wapendwa. Kabla sauti ya Kimaiyo haijaisha, Biskuti ajifunze sauti nyingine. Lakini ya nani? Binti yao, Chelimo, anasuka nywele mjini Nakuru na ana watoto wadogo. Mzee akamtazama mkewe.

"Mimi?" Wanjugu akasema. "Baba Chelimo, wewe unanijua. Mimi hata punda ananishinda."

Alisema kweli. Alipokuwa mtoto, punda wa maji alimpiga teke. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuingia zizini.

Aliingia. Alisimama kando ya mumewe akimshika koti. Mzee alisema neno, naye akalirudia papo hapo, ili Biskuti azisikie sauti mbili kama moja. Simama, simama. Taratibu, taratibu. Mwanzoni Wanjugu alipiga kelele kwa woga, na farasi akaogopa woga wake.

"Usimwamrishe," mzee akamnong'oneza. "Sema kama unavyoniambia chai iko tayari."

Asubuhi baada ya asubuhi, mzee alisema kidogo na mke alisema zaidi. Wanjugu alitoa leso zake zote, hata zile za kufungia zawadi, akazitandika njiani. Kwanza moja kando ya njia. Kisha moja katikati. Biskuti alizinusa, akazikwepa, akajaribu kula moja.

"Wewe Biskuti!" Wanjugu akafoka. "Hiyo nilipewa na mama mkwe! Simama hapo!"

Biskuti akasimama. Alisimama kabisa, akimtazama. Mzee Kimaiyo alicheka bila sauti mpaka akashika ua wa zizi. Jioni hiyo hakuweza kusema tena neno lolote. Sauti ilikuwa imekwisha.

Mwezi wa nne kulikuwa na harusi Gilgil. Wanjugu alikaa kiti cha mbele, kamba mikononi, mzee kando yake amefungwa shali shingoni. Akina mama walitandika leso. Biskuti akasimama ghafla, masikio nyuma. Mzee alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Taratibu, mama," Wanjugu akasema. "Ni leso tu."

Biskuti akanyanyua ukwato, akaushusha katikati ya maua ya leso ya kwanza. Kisha ya pili. Jeff, aliyekuwa akitembea kando ya gurudumu, anasema mzee alivua kofia akajifunika uso nayo, na hakuiondoa mpaka walipofika.

Biskuti hakurudishwa. Yuko Ndabibi hadi leo. Na mwezi wa sita Mzee Kimaiyo alilala, hakuamka.

Tunampa pole Wanjugu. Tunampa pole Chelimo na watoto wake, na Jeff, na jamaa wote wa Olenguruone na Ndabibi. Mungu awashike mkono.

Nasi tulio hai tujiulize. Kuna kiumbe anayetulia kwa sababu yako, awe mtoto, mzee, au mnyama wa zizini. Tukiondoka, tumemwandalia nani wa kumwita kwa upole? Mzee Kimaiyo alitumia sauti yake ya mwisho kwa kazi hiyo. Hakuitumia kujililia.

Nilimtembelea Wanjugu juma lililopita. Alinipikia uji, akanionyesha Biskuti. Alisema twende, akaenda. Alisema simama, akasimama. Nikamwambia, "Mama Chelimo, umeweza." Akaniambia ndiyo, ameweza. Kisha akanisindikiza hadi barabarani, taratibu sana, akisimama kila mara kunionyesha kitu kisicho na maana, mti, shimo la maji, paa la jirani.

Nilipomshika mkono kumuaga, hakuuachilia.

"Biskuti ananisikia vizuri," alisema. "Namwongelesha asubuhi mpaka jioni. Lakini yeye hajui kujibu. Kuja tena, dada. Hata kama huna habari yoyote, wewe kuja tu."