Bwana Nukta na Dhahabu Iliyoota Kiwanjani Kwake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu tunayemwita Bwana Nukta atakabidhi ufunguo wa maabara ya kompyuta na kustaafu, baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na moja. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa ufupi, kwa heshima, na bila kugusia suala la kiwanja. Ufupi nitajitahidi. Heshima anayo tele. Suala la kiwanja ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wajiolojia, watu wazima wenye shahada na buti, namna ya kuchambua data ili wajue pa kutafuta madini kabla hawajatoboa ardhi ya watu bure. Walimjia kutoka porini na mikono iliyozoea nyundo, na mwaka wa kwanza tulinunua kibodi mpya mara tatu. Wengi waliamini kwamba jiwe ukilikazia macho litasema lenyewe, na kwamba takwimu ni mambo ya watu wa benki. Aliwatoa huko kwa chai. Alikuwa akichukua kikombe kilichotiwa sukari bila kukorogwa, anapiga funda la juu na kulitangazia darasa kwamba chai hii haina sukari kabisa. Kisha anakimaliza mpaka chini na kutangaza kwamba sukari imezidi. Hilo ndilo lilikuwa somo la kuchukua sampuli. Daktari alipomkataza sukari, somo liliendelea vilevile, ila chai ikawa nainywa mimi.

Jina la Bwana Nukta walimpa wanafunzi. Mtu akichora grafu, nukta zote zikajipanga kwa adabu isipokuwa moja iliyokwenda kukaa peke yake juu huko, kishawishi cha kuifuta ni kikubwa, na ole wake aliyeifuta. Mzee alikuwa anaigundua hata ukiificha vipi. "Nukta haifutwi kwa sababu inakuudhi," aliwaambia. "Inafutwa kwa ushahidi." Binti mmoja wa darasa la mwanzo kabisa, kichwa hasa, alirudia muhula mzima kwa kosa la nukta moja. Alilia, akarudia, akafaulu. Mkumbukeni, maana atarudi.

Sasa kampuni za madini hazigawi data zao hata uzipigie magoti, na wanafunzi lazima wafanye mazoezi. Bwana Nukta akaamua kuitunga data mwenyewe. Alitunga kilima, akatunga udongo wake, akatunga dhahabu ndani ya udongo, na akakiita Kilima cha Mazoezi. Kilibaki kitu kimoja tu: kompyuta ilidai namba za ramani, ijue kilima kiko wapi. Wiki hiyo mzee alikuwa amenunua kiwanja nje kidogo ya mji, na hati yake ilikuwa mezani, namba zote zimeandikwa vizuri. Akazinakili, akaenda zake kula. Mchimba kisima, walisema wahenga, huingia mwenyewe.

Kwa miaka mingi kilima hicho kilitulea. Kila mwanafunzi alikigundua upya na kushangilia, na Mkuu wa Kitivo, ambaye hajawahi kufungua hotuba bila kusema kwamba data ni dhahabu, alikitolea mfano mbele ya wageni wasiopungua mia. Wahitimu waliondoka nacho kwenye flashi. Huko makazini, mmoja wao aliona jina la faili ni refu mno, akaondoa neno "mazoezi". Mwingine akalipakia kwenye hifadhi kuu ya data za madini. Kisha ikaja akili bandia, ambayo iliisoma hifadhi nzima kwa asubuhi moja na kutoa ramani ya mahali penye matumaini. Palipokolea kwa wekundu kuliko pote palikuwa juu ya kiwanja cha Bwana Nukta. Na sheria inasema eneo likiwekewa alama nyekundu halijengwi hata banda la kuku mpaka utafiti uishe, utafiti ambao, kwa kasi tunayoijua sote, huwakuta wajukuu.

Aliipokea habari hiyo mwaka wa mwisho wa kazi, alipokwenda kuomba kibali cha kujenga. Wasiojua maisha yetu wataona ni kichekesho. Mzee huyu na mkewe wanaishi nyumba ya chuo, na mstaafu hupewa miezi mitatu tu ya kuihama tangu anapoagwa. Hawana nyumba nyingine. Shemeji yetu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshashona mapazia ya madirisha yote sita ya nyumba ambayo haijawa na ukuta hata mmoja. Jioni hiyo aliyakunja, akayarudisha kabatini, akaenda kupika. Mzee aliniambia angepigiwa kelele angepata nafuu.

Kesho yake alikwenda ofisi ya ramani za madini. Mkuu wa kitengo alikuwa yule binti wa muhula uliorudiwa, siku hizi mama mtu mzima mwenye miwani na ofisi ya peke yake. Alisimama, akatoa shikamoo, akamkalisha mwalimu wake kwenye kiti kizuri kuliko chake, akaagiza chai. Bwana Nukta akaeleza yote: kilima amekitunga yeye, dhahabu ni ya kwake ya kichwani, wamfutie tu ile alama akajenge. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Mwalimu wangu," alisema, "nukta haifutwi kwa sababu inakuudhi."

Mzee alirudi idarani akiwa na hasira mpaka masikio yamemwiva. Alipokaa kidogo akacheka mpaka machozi, akaniambia katika miaka yake yote hajapata mwanafunzi aliyemwelewa vizuri kama yule, na kwamba atamlaani mpaka kaburini. Vyote viwili alivisema kutoka moyoni.

Basi ikawa patashika. Alitakiwa athibitishe kwamba kitu kisichokuwepo hakikuwepo. Ushahidi alikuwa nao, ila uko kwenye disketi ya zamani ambayo hakuna mashine iliyo hai ya kuisoma. Kamati ikaundwa, na kwa kuwa hakuna anayekijua Kilima cha Mazoezi kumzidi, yeye mwenyewe akateuliwa mjumbe. Ikaandaliwa warsha ya siku mbili. Wataalamu waliwasilisha mada kuhusu umri wa kilima hicho, na mmoja alionyesha picha. Bwana Nukta peke yake alisema hakipo, na kumbukumbu za kikao zikaandika: maoni ya wachache. Mkuu wa Kitivo akafunga warsha kwa kusema data ni dhahabu, na safari hiyo, jamani, alisema kweli tupu.

Waliomwokoa ni darasa lake la mwisho. Hakuna aliyewatuma. Walibeba sepetu, chekecheo na mifuko ya sampuli, wakaenda kiwanjani Jumamosi asubuhi na kukigawa miraba midogo kama alivyowafundisha. Yeye walimkataza kuingia, kwa kuwa ana maslahi. Hilo nalo walilinukuu kwake: mwenye maslahi hachukui sampuli. Kwa hiyo msomi wetu alishinda juani kando ya kiwanja chake mwenyewe, mkewe pembeni na mwavuli, akiwapigia kelele wachimbe kina kimoja kote, nao wakijifanya hawamsikii. Udongo ulikwenda maabara, data ikaingia kwenye kompyuta. Majuma hayo mzee hakuwa na hamu hata ya kusahihisha, na anayemjua anajua hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Ripoti ililetwa idarani na mama wa ramani mwenyewe, muhuri umeshapigwa, nukta imefutwa kwa ushahidi. Ni ripoti ya kawaida, ina majedwali na grafu, na matokeo yake ni kwamba hapana kitu. Hapana dhahabu, hapana dalili ya dhahabu, hapana hata jiwe la kuvutia macho. Watafiti wa madini wakipata majibu kama hayo huinamisha vichwa. Bwana Nukta aliyasoma kwa sauti, kila jedwali, kila sifuri, huku mkewe akimshika mkono. Ripoti za aina hii humalizika kwa mapendekezo, kwa kawaida wapi ardhi itobolewe na kwa gharama gani. Vijana waliandika pendekezo moja tu: ijengwe nyumba.

Shemeji yetu alilia pale pale ofisini, na wengine tukajifanya tunatafuta miwani. Bwana Nukta alitoa kalamu nyekundu na kuwapa alama ya B, kwa sababu sampuli za upande wa barabara hazikurudiwa kupimwa. Katika miaka thelathini na moja hajatoa A, na alisema hataanza kwa rushwa ya nyumba. Mama wa ramani alimwangalia, akasema B ya huyu mzee aliitafuta kwa machozi, washukuru.

Kuta sasa zimefika usawa wa lenta, na madirisha sita yanasubiri mapazia yake. Mwalimu, ahsante kwa kila nukta uliyotukataza kuifuta, na kwa sukari yote niliyokunywa kwa niaba yako. Nenda na shemeji yetu, mkalale usingizi mnono, juu ya ardhi isiyo na kitu.