Nyota Tatu za Mama Mikoba

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, lakini hukumu zake ni nzito kuliko za mahakama. Asubuhi hiyo Mama Mikoba, anayeshona mikoba chumba cha pili na kuiuza kwenye kundi la biashara la simuni, alifika bila hata salamu. Msimamizi wa kundi alikuwa amemwandikia: wateja wamempa nyota tatu kati ya tano, asipofikisha nne leo hii, anatolewa. Nusu ya mikoba yake huuzwa humo.

— Nani kati yenu kanipa tatu?

Kinyozi alichungulia kikombe chake cha kahawa.

— Mimi. Na wateja wako wote wanaonyolewa hapa niliwashauri hivyohivyo.

— Nimekukosea nini, kaka?

— Hujanikosea. Tano ni kukuanika, dada yangu. Watu wana kijicho. Kwa tatu unapita kimyakimya. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inakupinga mwenyewe, alisema Bosi Kesho, ambaye utajiri wake huanza kesho kila siku. — Shida ni mashine inayohesabu hizo nyota. Imelelewa na watu wanaosifiana hata kwa kupiga chafya. Sisi tukisema “si mbaya”, hapo tumeshapeleka posa.

— Basi tuidanganye, alisema muuza kahawa. — Tujifanye wateja kumi wa ng'ambo. Mimi nitakuwa bibi mjane mwenye mbwa.

— Na mbwa naye atoe nyota, alisema Bosi Kesho.

Mama Mikoba hakucheka.

— Hakuna atakayeusemea uongo mkoba wangu. Wakinitoa, wanitoe na jina langu.

Hapo akatokea mwanamke wasiyemjua, mkoba kwapani, mkanda unaning'inia.

— Samahanini, kwa Mama Mikoba ndio hapa? Mama mkwe kaniambia mkanda ukikatika nije, fundi mwenyewe atanishonea.

— Ndiye mimi. Ila kwenye kundi wanasema siaminiki.

— Nani anasema?

— Msimamizi.

— Na huyo, kitu anachokisifia kikikatika, mtu anamgongea mlango gani?

Miaka yote ile kundini, hakuna pale benchini aliyejua hata mtaa wa msimamizi.

Mama Mikoba aliliandika swali lile neno kwa neno, akalituma kundi zima lisome. Kisha akailaza simu kifudifudi kwenye benchi, akachomoa sindano kwenye kola.

— Lete huo mkanda, mwanangu.